Mzigo ukiwa majini ni wa nani?

Mwezi wa Julai mwaka juzi nilisafirisha magunia 42 ya vitunguu kutoka Kalenga kwenda Unguja. Vilikuwa vitunguu vyekundu, vikavu kwa kuvitazama, na vilipopakiwa kwenye Fuso usiku ule hakuna aliyevitilia shaka. Siku ya tano nilipigiwa simu na mnunuzi wangu, mama mmoja wa soko la Mwanakwerekwe ambaye tulikuwa tumeuziana misimu miwili bila ugomvi. "Kaka yangu, mzigo umefika lakini umerowa," alisema. "Magunia 29 nayachukua. Hayo 13 njoo uyatazame mwenyewe, ama niambie niyamwage wapi."

Nikampigia dereva. Akasema alishusha mzigo mkavu bandarini Dar es Salaam na hakuna mtu aliyelalamika. Nikamtafuta karani wa chombo kilichovusha mzigo (sitakitaja jina, maana sina ushahidi, na huko kukosa ushahidi ndiko kulikonifanya niandike makala haya). Karani akasema yeye alipokea magunia, hakupokea vitunguu. Kilichomo ndani hakijui. Mama naye akasema alichoagiza ni vitunguu, hakuagiza maji ya vitunguu. Kila mmoja wao alikuwa na haki kwa namna yake. Magunia 13 yakabaki yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbali kuliko wote, na ndiye niliyekuwa sina hata karatasi moja mkononi.

Tangu siku hiyo nimesikia majirani wengi wakisema kuwa bahari si ya watu wa milimani, bora tuuze kwa dalali na kurudi nyumbani na tulichopata. Mimi siafikiani nao. Tuangalie umbali. Kutoka Kalenga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 500: unapita Ipogolo, Ilula, unateremka Kitonga, unakatiza Mikumi, Morogoro na Chalinze. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni kama kilomita 70 na ushee. Safari ya nchi kavu ni karibu mara saba ya safari ya majini, lakini mzigo ukiharibika lawama zote tunaitupia bahari.

Ni ukweli usiopingika kwamba soko la Visiwani lipo na halina dalili ya kufa. Unguja ina mahoteli ya kitalii, ina vibanda vya urojo na chipsi vinavyokula viazi kila jioni, na mwezi wa Ramadhani ukiingia kila nyumba inatafuta kitu cha futari. Pemba ina Chake Chake, Wete na Mkoani. Mafia nayo, ingawa ni soko dogo, inapokea vyakula vingi kutoka Bara kupitia Nyamisati. Wafanyabiashara wa Visiwani wanakuja wenyewe Ilala, Mabibo na Temeke kununua nyanya za Ilula, vitunguu vya kwetu na viazi vya Mbeya na Njombe. Ndiyo kusema mazao yetu yanavuka kila siku, ila yanavuka yakiwa tayari mali ya mtu mwingine, na bei ya ng'ambo sisi tunaisikia kwa simu tu.

Kwa hiyo swali ambalo mkulima anapaswa kujiuliza kabla Fuso halijawasha moto si kama bahari ni mbaya au nzuri. Swali ni hili: mzigo huu ukiwa majini utakuwa wa nani? Wangu, wa mnunuzi, au wa mwenye chombo? Mimi sikuuliza. Nilidhani jibu linajulikana.

Lakini kwanza nikiri kosa ambalo lilikuwa la kwangu mwenyewe, maana sitaki ionekane kwamba kila tatizo huletwa na watu wa pwani.

Kalenga ipo kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai kwetu ni wa koti na blanketi. Sisi tuna desturi ya kupakia usiku ili gari lipite Kitonga mapema na lifike Dar es Salaam kukipambazuka siku ya pili. Sasa fikiria gunia la vitunguu lililopoa hadi moyoni, limebanwa katikati ya mzigo na kufunikwa turubai zito pande zote. Linateremshwa hadi pwani, mahali ambapo hewa ni ya joto na imejaa unyevu. Chukua chupa ya maji baridi uiweke juu ya meza Kariakoo, uone inavyotoka jasho kwa nje. Vitunguu navyo hutoka jasho vivyo hivyo. Mabaharia wanalijua jambo hili tangu zamani: shehena baridi ikiingia kwenye hewa ya joto hulowa bila tone la mvua wala la maji ya chumvi kuigusa.

Mwaka ule ikaongezeka bahati mbaya. Julai ni katikati ya kusi, upepo unaovuma kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, chombo chetu kikasubiri siku mbili. Kusubiri kulikuwa sahihi kabisa na silalamikii hilo. Lakini kwa siku hizo mbili magunia yangu yalikaa gatini chini ya turubai lile lile, yamepangwa moja juu ya jingine, yanajichemsha yenyewe. Yalipopakiwa chomboni, nina hakika leo hii, yalikuwa yameshaanza kuoza. Bahari iliyapokea yakiwa wagonjwa.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Kitunguu kivunwe shingo ikiwa imelala, kianikwe kivulini penye upepo wiki moja hadi mbili mpaka shingo ifunge na ngozi ya juu ilie kama karatasi. Kifungashwe kwenye magunia ya wavu, yale yanayopitisha hewa, si magunia ya mbolea yaliyofuliwa. Gari likifika Chalinze jua likiwa limepanda, turubai lifunguliwe pembeni mzigo upumue. Utingo atanuna, mpe ya chai.

Tena, mwenye mzigo wa msimu wa kusi asipange safari kwa hesabu ya siku moja. Aweke akilini siku tatu za kusubiri Dar es Salaam, na awe amejua mapema mahali penye kivuli na hewa atakapouweka. Nyanya haziwezi kusubiri hivyo, na ndiyo maana binafsi simshauri mtu wa nyanya avushe mwenyewe Juni hadi Agosti. Akilazimika, basi achume zile zinazoanza tu kubadilika rangi, za ngozi ngumu kama Tanya au Tengeru 97, na aachane na matenga. Tenga la mianzi ni zuri kwa kubeba kutoka shambani hadi barabarani. Likipangwa tenga juu ya tenga ndani ya ngama ya chombo, la chini linakuwa juisi.

Wenzetu wa Mbeya wana nafuu kidogo. Mchele wa Kyela na wa Mbarali ukiwa mkavu unavumilia safari kuliko mbogamboga. Viazi vya Uporoto navyo vinasafiri, ila vikatwe majani wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae, na visipigwe mwanga, kwa sababu kiazi kilichogeuka kijani hakifai kuliwa na mnunuzi wa hoteli atakirudisha.

Sasa nije kwenye lumbesa.

Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiimba wimbo huo tangu ulipoanzishwa mwaka 2002: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mmoja wetu anajua, na kila mmoja wetu amewahi kushona kofia ya lumbesa juu ya gunia. Safari za Visiwani zinaichochea lumbesa kwa namna ambayo watu hawaisemi. Nauli ya mzigo mdogo kwenye vyombo vya kwenda Unguja mara nyingi hutozwa kwa kipande: gunia ni gunia. Mchukuzi wa bandarini naye hulipwa kwa gunia. Ushuru wa sokoni, gunia. Mnunuzi mwenye akili atataka nini? Atataka gunia kubwa kadiri linavyoweza kufungwa, maana kila kilo inayozidi inasafiri bure, kwa gharama ya mkulima.

Tufanye hesabu ya mzigo wangu mwenyewe. Magunia 42, tuseme kila moja lilizidi kwa kilo 30 tu, na wanaonijua watasema nimejipendelea. Hizo ni kilo 1,260. Ni sawa na magunia 12 na nusu ya kilo 100 ambayo niliyatoa zawadi pale pale Kalenga, kabla gari halijaondoka, nikicheka na kuwashukuru vijana waliopakia. Magunia 13 yaliyooza niliyalilia mwezi mzima. Haya 12 na nusu sikuyaona hata kidogo.

Kuna hasara nyingine ya lumbesa ambayo ni ya mwili wa mtu. Gunia la kilo 130 linabebwa mgongoni kwenye ubao mwembamba kutoka gatini kuingia chomboni, kwa kurushwa zaidi kuliko kubebwa. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Sisi tunampa zaidi ya mara mbili, halafu tunashangaa kwa nini gunia limepasuka na vitunguu vimechubuka. Kitunguu kilichochubuka ndicho kinachoanza kuoza na kuambukiza wenzake. Gunia la kilo 50 linawekwa chini taratibu na mtu mmoja, na kuhesabu hesabu yake hakuna ugomvi: mawili ni kilo 100.

Nirudi kwenye karatasi.

Chombo cha baharini kinachofuata taratibu kinatoa hati ya shehena, au kwa mizigo midogo walau stakabadhi. Wengi wetu tunaichukulia kama risiti ya nauli. Hati hiyo ni zaidi ya hapo. Inasema nani kakabidhi, nani atapokea, vipande vingapi, na muhimu kuliko yote, vilikuwa katika hali gani vilipopokelewa. Karani akiandika kwamba magunia yalipokelewa yakiwa mazima na makavu, hawezi kesho kusema yalikuja yamelowa. Akiandika yamelowa, basi angalau unajua ugomvi wako ni wa dereva na turubai lake.

Kanuni za kimataifa za uchukuzi wa mizigo baharini zinazoitwa Kanuni za The Hague, za mwaka 1924, ambazo sheria ya Tanzania ya uchukuzi wa baharini imezifuata, zina mambo ambayo mkulima yeyote anayetaka kuvusha anapaswa kuyajua, kwani yanamuuma. Mwenye meli habebi lawama kwa uharibifu unaotokana na asili ya bidhaa yenyewe, na kitunguu kibichi kuoza ni asili yake. Habebi lawama kwa ufungashaji hafifu. Habebi lawama kwa dhoruba. Shehena ambayo hati inasema imewekwa juu ya sitaha, na ikawekwa huko kweli, haimo katika ulinzi wa kanuni hizo, na wanyama hai pia hawamo. Wenye mbuzi na kuku wasikie. Na ukiona hasara, unatakiwa utoe taarifa kwa maandishi wakati wa kuchukua mzigo, au ndani ya siku 3 kama uharibifu hauonekani kwa nje. Usipotoa, itachukuliwa kwamba ulipokea mzigo kama hati inavyosema, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Kesi nayo ina mwaka mmoja tu.

Ukisoma hayo utaona kwamba magunia yangu 13, hata ningekuwa na wakili, yangenishinda. Ufungashaji hafifu: ndiyo. Asili ya bidhaa: ndiyo. Taarifa ndani ya siku 3: mimi nilikuwa Kalenga nikipiga simu.

Labda mtu atasema kwamba mambo ya karatasi ni ya Wazungu, sisi tunafanya biashara kwa kuaminiana. Sawa, lakini sisi watu wa Kalenga tuna sababu ya kuheshimu karatasi kuliko watu wengi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lililomo kwenye makumbusho pale kijijini lilivuka bahari kutoka Ujerumani kwa sababu liliandikwa. Lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na visingizio vya kila aina, na ilichukua miaka 35, lakini mwaka 1954 Gavana Twining alilileta Kalenga. Lisingeandikwa, sijui nani angeliulizia. Mimi sikuandikisha hata vitunguu.

Na bima? Bima ya mizigo ya baharini ipo na makampuni yanaiuza. Ila usome kabla ya kulipa. Bima za kawaida za shehena, hata zile pana kuliko zote, hazilipi hasara iliyotokana na kuchelewa wala uozo wa asili wa bidhaa. Zinalipa chombo kikizama, kikiungua, shehena ikitupwa baharini kuokoa chombo, na mengineyo kulingana na ulichonunua. Bima haitakufidia vitunguu ulivyovifunga vikiwa vibichi. Kwa mzigo wa gunia 40 naona fedha hiyo inafanya kazi zaidi ikinunua magunia ya wavu.

Kuzama nalo ni jambo la kweli, tusilipite kimya. MV Fatih ilipinduka bandarini Malindi, Unguja, mwaka 2009. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita uwezo wake. MV Skagit ikafuata Julai 2012, katika kusi, ikitoka Dar es Salaam. Watu waliopotea katika misiba hiyo hawalinganishwi na gunia la mtu yeyote. Lakini mwenye mzigo ana sehemu yake katika jambo hili. Karani anapokuambia chombo kimejaa, halafu wewe unatoa elfu kumi "akupenyezee" magunia matano juu ya sitaha, unakuwa umeongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, juu, penye kupindua. Vilevile wale wanaokimbilia bandari bubu, kwenye fukwe ambazo mashua hupakia usiku ili kukwepa ushuru, wajue kwamba huko hakuna anayehesabu uzito, hakuna hati, na mzigo ukipotea huwezi kwenda kushtaki popote kwa sababu hata wewe hukupaswa kuwepo.

Sasa nijibu swali la kichwa cha makala haya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, tuliyoirithi kwa Waingereza, inasema kwa ufupi kwamba hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Na mali inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi? Inahama pale mlipokusudia ihame. Maana yake ni kwamba jibu mnalitunga ninyi wawili. Msipolitunga, mtalitafuta wakati magunia yameshalowa, na hapo kila mtu atakumbuka makubaliano yake.

Mnaweza kukubaliana kwamba mali inahama shambani. Hapo unauza kwa bei ndogo na unalala usingizi. Mnaweza kukubaliana kwamba inahama gatini Dar es Salaam, mzigo ukishapimwa na mnunuzi au mtu wake kutia sahihi. Ama inahama sokoni Unguja, ambapo bei ni nzuri na kila kitu kinachotokea kati ya Kalenga na Mwanakwerekwe ni juu yako. Mimi nilikuwa napokea bei ya gatini na kubeba hatari ya sokoni. Naamini wakulima wengi wanaovusha wako katika hali hiyo bila kujua.

Kwa maoni yangu, mkulima mwenye gunia 20, 30 au 50 aishie gatini. Apime kwa kilo, mtu wa mnunuzi afungue magunia matatu au manne atakayoyachagua yeye, atie sahihi, picha zipigwe kwa simu, na nusu ya fedha iwe imeshaingia kabla gari halijateremka Kitonga. Kuanzia hapo bahari ni ya mama wa Mwanakwerekwe, ambaye anaijua kuliko sisi, ana ndugu bandarini, anajua nahodha gani ana haraka na nani anasubiri upepo. Bei itakuwa chini kuliko ya sokoni, lakini tofauti hiyo ndiyo ujira wake wa kubeba hatari, na anastahili.

Kikundi chenye tani 10 au zaidi ni habari nyingine. Hao wanaweza kumweka mtu wao Malindi, anayepokea, anayefungua, anayeandika taarifa siku hiyo hiyo. Bila mtu huyo ng'ambo, nasema wasivuke hata wakiwa na tani 30.

Nimeulizwa mara kadhaa kuhusu Ngazija, kwani kuna wanaosikia kwamba vitunguu na viazi vinalipa Comoro. Vinaweza kulipa. Lakini Comoro ni nchi nyingine, kama kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Unahitaji cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili wa bidhaa, na mnunuzi anayelipa kwa faranga za kwao. Bandari ya Moroni haina kina cha kutosha, meli kubwa hutia nanga nje na shehena huteremshwa kwa matishari, kwa hiyo mzigo wako unashikwa mara mbili. Nauli ya meli za namna hiyo hukadiriwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, kile kinachompa mwenye meli zaidi. Mita moja ya ujazo ya vitunguu haifiki tani moja, sembuse nyanya. Ina maana utalipia nafasi, na kila kreti iliyojaa nusu unasafirisha hewa ya Iringa kwenda Moroni. Na wafanyabiashara wa Mahajanga, Madagascar, wako karibu zaidi na visiwa hivyo kuliko sisi. Wenye mtaji na uzoefu waende. Mimi bado najifunza Unguja.

Halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini nazo zingeweza kusaidia bila mabilioni. Zinapokea ushuru wa mazao kwa kila gari linalotoka. Mizani moja ya kilo 300 na banda la kivuli lenye sakafu ya mbao, penye kupita upepo, kwenye kila kata inayolima mbogamboga, vingewalazimisha madalali wazungumze kilo badala ya gunia. Magari yetu yanapimwa Mikumi, yanapimwa tena Vigwaza, ili barabara isiharibike. Vitunguu vyenyewe havipimwi popote.

Msimu huu sisi majirani saba tumejaribu kujipanga. Tumekubaliana magunia ya kilo 50, hakuna kofia. Tuna karatasi moja, nakala tatu, inayosema mali inahama gatini Dar es Salaam baada ya kupimwa. Nilimsomea mama yule wa Mwanakwerekwe kwa simu, neno kwa neno. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema ya kilo anaikubali, ya gatini anaikubali ilimradi mtoto wa dada yake ndiye afungue magunia. Kisha akauliza, je, hayo magunia ya wavu analipa nani? Nimemwambia tugawane nusu kwa nusu. Amesema atanipigia Ijumaa baada ya sala.